Nyuzi za plastiki zinaswe kwenye dobi, zisisubiriwe Mabogini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya wasomaji tuzungumzie maji ya kufulia hapa Moshi, hasa kitu kimoja kilichomo ambacho wengi hawakioni: nyuzi za plastiki.

Sweta la shule la akriliki, jezi ya poliesta, blanketi la bei nafuu, jaketi la manyoya laini la kupandia mlima, hata shuka nyingi za Kimasai za siku hizi, zote ni plastiki iliyosokotwa uzi. (Kanga ya pamba haimo, ila vitenge vingi vya bei ya chini vimo.) Nguo hizi zikifuliwa hukatika vipande vyembamba kuliko unywele, vingi vikiwa chini ya milimita 5. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kwamba kilo 6 za nguo za akriliki zikifuliwa mara moja kwenye mashine huachia nyuzi zaidi ya 700,000. Nguo za mchanganyiko wa pamba na poliesta ziliachia kama 138,000. Pamba nayo hukatika, lakini huoza. Poliesta hubaki.

Kwa nyumba na hoteli zilizounganishwa na mtandao wa majitaka, maji hayo huenda kwenye mabwawa ya Mabogini. Mabwawa yale yalijengwa kutuliza uchafu na kuua vimelea kwa msaada wa jua na siku nyingi za kusubiri. Kukamata uzi haikuwa kazi yake. Poliesta ina uzito wa mara 1.38 ya maji, kwa hiyo nyuzi nyingi hutulia kwenye tope. Zile fupi na laini zinazobebwa na povu huweza kutoka pamoja na maji. Na maji yanayotoka Mabogini ndiyo yanayomwagilia mpunga. Tope nalo, siku likizolewa, halikosi mtu wa kulitaka kwa ajili ya shamba. Wasio kwenye mtandao humwaga uani au mtaroni, na mvua ya masika hupeleka sehemu yake kwenye mito ya Karanga, Njoro na Rau, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, kunakovuliwa samaki.

Uzi ukishafika bwawani hakuna wa kuuopoa. Kwenye beseni la lita 20 au kwenye bomba la kutolea maji ya mashine, unanasika. Wala haihitajiki kila nyumba ianze leo. Katika mji mdogo wa Parry Sound, Kanada, nyumba 97, kama asilimia 10 ya nyumba za mji, zilifungiwa vichujio kwenye mashine zao, na nyuzi katika maji yaliyotoka kwenye mtambo wa majitaka zikapungua kwa kiasi kikubwa. Huko hesabu ilikuwa ya nyumba. Hapa kwetu tungeanza na wachache wanaofua nyingi: hoteli, madobi wa mashine, na wanaokodisha vifaa vya mlima, ambao kila msafara ukishuka wanapokea majaketi, mifuko ya kulalia na soksi za wageni na za wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, kwa mkupuo.

Kwao tunapendekeza chemba ya kunasia nyuzi, kati ya mashine na bomba la mtaani. Ni ndugu wa mtego wa mafuta ambao hoteli zinaujua tayari jikoni. Chemba ya tofali iliyopigwa lipu ya saruji, yenye vyumba viwili. Chumba cha kwanza kiwe na ujazo wa kubeba maji ya saa moja ya kazi. Dobi anayetoa lita 500 kwa saa ajenge cha lita 500. Hapo maji hupoa, povu hushuka, mchanga na nyuzi nzito hutulia. Kati ya chumba cha kwanza na cha pili upite wavu wa chuma kisichoshika kutu, wa matundu ya milimita 1, kisha wa pili wenye matundu ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Msiruke ule mpana. Mwembamba ukikaa peke yake huziba ndani ya muda mfupi, fundi anaitwa, anautoboa kwa bisibisi, na kazi yote imeishia hapo. Wavu uwekwe kwenye fremu inayochomoka kwa mkono, na ziwepo fremu mbili ili moja ikikaushwa nyingine iwe kazini. Juu ya wavu, sentimita 10 hivi, toeni bomba la dharura la inchi 2. Bila hilo, wavu ukiziba maji yatarudi sakafuni.

Mashine ya nyumbani ina kanuni zake. Kile kijichujio kilicho nyuma ya mlango mdogo wa chini mbele ya mashine hunasa vifungo na sarafu, hakinasi nyuzi. Kichujio cha nyuzi hukaa nje, kwenye mpira wa kutolea maji. Pampu ya mashine nyingi imekusudiwa kuinua maji kiasi cha mita 1. Ukikitundika juu zaidi, au ukakiacha kizibe bila njia ya pembeni, pampu inahangaika, mashine inasimama katikati ya mfuo, na mwishowe pampu inaungua. Mashine za mapipa mawili ambazo humwaga maji kwa kuteremka tu hazina pampu kabisa: kwao chombo lazima kiwe chini ya mpira, la sivyo maji hayatoki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto wa mwaka 2019 ulikuta kichujio cha nje kikinasa asilimia 87 ya nyuzi, ilhali tufe la plastiki linalotumbukizwa ndani ya mashine pamoja na nguo lilinasa asilimia 26. Ufaransa ilishatunga sheria mwaka 2020 kwamba mashine mpya ziwe na kichujio kuanzia 2025. Za kwetu zitazunguka miaka mingi bila hicho.

Anayefua kwa mikono atumie ndoo. Chukua ndoo ya lita 20, toboa karibu na kitako, funga bomba la nusu inchi. Weka kokoto sentimita 5, changarawe sentimita 5, kisha mchanga wa mto uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji yake yawe meupe, sentimita 15. Tandika juu kipande cha marekani, lile jora la pamba lisilopaushwa, na juu yake sahani kuukuu iliyotobolewa ili maji yasichimbe mchanga. Maji ya kufulia yaache yatulie saa moja kwenye beseni, ndipo uyamimine taratibu. Mchanga mpya hupitisha haraka. Ukishaonja sabuni unashuka hadi lita 1 kwa dakika au chini yake, kwa hiyo beseni tatu za lita 20 zitakula saa nzima. Anayeharakisha kwa kuchokoa mchanga na kijiti anafungulia nyuzi njia. Bomba likianza kudondosha tu, kwangua sentimita 2 za juu, ongeza mchanga mwingine. Maji yaliyochujwa yanafaa migomba, isipokuwa yale yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

Tukiulizwa kosa moja linaloharibu yote haya, tutasema ni kusuuza kitambaa au wavu chini ya bomba. Zile nyuzi zilizonaswa zote zinarudi kwenye majitaka. Anika wavu kivulini mpaka ule utando wa nyuzi ukauke na kubanduka kama karatasi, ufunge, utupe na taka zinazokwenda dampo. Usiuchanganye na mbolea ya samadi. Usiuchome pia: akriliki ikiungua hutoa gesi ya sianidi.

Kuhusu ufuaji wenyewe tuseme machache. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kufua poliesta kwa mikono kunaachia nyuzi chache mno kuliko mashine, lakini kuloweka kabla na kusugua kwenye ubao kuliziongeza. Basi brashi ngumu ibaki kwenye kola, isipite mwili mzima wa sweta. Kwenye mashine, jaza nguo kwa kipimo chake, maji baridi, mzunguko mfupi. Kile kitufe cha nguo laini ambacho wengi hukiamini hutumia maji mengi zaidi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walionyesha mwaka 2019 kwamba ndicho kinachotoa nyuzi nyingi. Nguo mpya huachia zaidi katika mifuo ya mwanzo. Sare za Januari ndizo za kuchuja kwanza.

Ombi letu kwa MUWSA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Moshi, na kwa Manispaa ni dogo. Chemba hii iwe sharti kwenye maombi mapya ya kuunganisha majitaka kwa hoteli na dobi yeyote mwenye mashine zaidi ya mbili, na waliopo wapewe mwaka mmoja. Ukaguzi hauhitaji maabara. Mkaguzi afike mashine zikiwa zinazunguka, afungue mfuniko, avute fremu. Akikuta wavu mkavu, atafute bomba la pembeni. Maji yanapita huko.

Wasomaji wenu,
Mafundi bomba na wahudumu wa dobi,
Moshi