Tunapika wote, sokoni naenda mwenyewe

Shikamoo Shangazi,

Naishi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Jumapili ya mwisho wa mwezi wenzangu saba huja kwangu tukapika pamoja, kila mara mmoja akiongoza pishi la kwao. Wa Tabora katufundisha uyoga wa karanga, wa Tanga samaki wa kupaka, mimi migebuka, samaki wa ziwa letu, wa mawese na ugali wa muhogo. Siku hiyo naipenda mno, sitaki ife.

Kinachonisumbua ni gharama. Kwa kuwa nyumba ni yangu, imezoeleka kwamba na soko ni langu. Alfajiri niko Kibirizi kuwahi samaki, kisha nitafute nazi, ambazo huku zinasafirishwa kutoka pwani, na mkaa. Siku za mbalamwezi ndiyo taabu zaidi, maana wavuvi wa taa hawaingii ziwani, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, tulihamia kuku, na kuku nao nikanunua mimi.

Wenzangu si wachoyo, naomba unielewe hapo. Yupo anayeleta chupa ya mawese yaliyokamuliwa kwao Simbo, mekundu, mazito, yananukia hata kabla hayajaguswa na moto. Mwingine huja mikono mitupu, lakini ndiye anayepara samaki wote na kusugua masufuria hadi la mwisho. Mwingine huja na wanawe watatu, na wakati wa kuaga anatoa kontena kwenye mkoba anafungasha. Sasa nikisema kila mtu atoe shilingi 5,000, huyu wa mawese nimhesabieje? Na huyu wa masufuria, ambaye najua biashara yake imeyumba, si ataacha kuja kimya kimya?

Mume wangu anasema kumchangisha mtu aliyekuja kula kwako ni aibu. Mimi siwaoni kama wageni, maana mwiko tunaushika wote. Harusi tunachangiana, msiba tunachangiana. Hata hivyo kila nikiandika ujumbe kwenye kundi letu, naufuta.

Kuzunguka nyumba kwa nyumba kusingekuwa kubaya, ila wawili wamepanga chumba kimoja na jiko ni la kuwekwa barazani. Naegemea zaidi hili: mwenye zamu ataje mahitaji wiki moja kabla, tugawane, huyu samaki, huyu nazi, huyu mkaa. Lakini aliyepangiwa nyanya na aliyepangiwa samaki hawajatoa sawa hata kidogo.

Nishauri, Shangazi. Tuchange pesa au tugawane vitu? Watoto wahesabiwe? Na jambo lenyewe nilitamke mbele ya wote siku tukiwa jikoni, au nianze kumnong'oneza mmoja ninayemwamini, alilete yeye kama wazo lake?

Mama wa Mwanga, Kigoma