Risala ya mafundi wa vitu vikuukuu kwa Mgeni Rasmi, maonesho ya kazi za mikono, Ngamiani, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa mtaa, walimu, wazazi na ndugu waalikwa,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Karibu Tanga, Mheshimiwa. Mji huu una msemo wake, waja leo waondoka leo, ila leo tunakuomba usiondoke kabla hujakikalia kigoda kilichopo mbele yako. Usikihofu. Ni matairi ya gari dogo, na kimefungwa kubeba mtu mzima.

Kwenye meza hizi vilivyonunuliwa vipya ni uzi, gundi, skrubu, boliti, plaiwudi, kamba, vanishi na rangi tu. Vingine vyote vimetoka uvunguni, jikoni na nyuma ya nyumba. Tunalotaka kukuonesha ni kwamba kitu kikuukuu kinadai vipimo kuliko kipya. Kitambaa kipya kina nguvu sawa kila mahali, lakini khanga ya miaka mingi imelika pale ilipokuwa ikifungwa kiunoni. Fundi asiyelijua hilo hutengeneza pambo linalorudi jaani baada ya mwezi, safari hii likiwa na gundi na rangi juu yake.

Tuanze na kigoda. Tairi la 175/70 la rimu 13 lina kipenyo cha sentimita 57 hivi na upana wa sentimita 17 na nusu. Likichomoza nyaya, liachwe, kwani waya hukata mkono wa fundi leo na nguo ya mgeni kesho. Lisuguliwe kwa brashi ya waya na sabuni ya unga, ndani na nje, kisha likauke kutwa nzima juani. Wengi huharakisha hapo, gundi ikashika vumbi badala ya mpira. Upande utakaokuwa chini utobolewe matundu matatu ya milimita 10, maji yasituame. Tairi lililolala hutunza maji hata pale yasipoonekana, na mbu anayeambukiza homa ya dengi hupenda kutaga humo.

Mdomo wa tairi hilo una upana wa sentimita 33. Kifuniko cha plaiwudi kikatwe duara la sentimita 45, ili kilalie mpira kwa sentimita 6 kila upande. Unene usipungue milimita 12. Plaiwudi ya milimita 6 ni rahisi bei, lakini mtu akikaa inabonyea katikati na kamba zilizobandikwa juu yake zinaachana. Kifuniko kikazwe kwa skrubu sita za nchi moja na robo, na kila skrubu itanguliwe na tundu dogo, maana mpira hunywea na kuirudisha skrubu nje.

Kamba ni ya katani, na hapa hatuna udhuru wa kuikosa. Mkonge uko pwani hii tangu Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alipouleta mwaka 1893. Kamba ya milimita 10 hupigiwa hesabu hivi: sehemu ya juu inakula mita 26, ubavuni inazunguka mara 17 au 18, na kila mzunguko ni mita 1.8, yaani kama mita 32. Jumla ni 58. Nunua 65, kwa sababu ubavu wa tairi una kifua, haukunyooka. Kigoda chako, Mheshimiwa, ni matairi mawili, kwa hiyo kimekula zaidi ya mita 90. Matairi hayo yameshikanishwa kwa boliti nne zenye washa pana pande zote mbili. Boliti isiyo na washa huzama kwenye mpira, kigoda kikaanza kuyumba.

Gundi nyeupe ya mbao inafaa juu ya plaiwudi tu. Hukauka kwa kunywewa na kitu inachogusa, na mpira haunywi, kwa hiyo kwenye tairi itabanduka kama ganda. Kwenye mpira tumia gundi ya mafundi viatu: pakaa tairi, pakaa na kamba, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ukandamize. Ukibandika ikiwa mbichi, kamba itateleza. Kazi hiyo ifanyiwe nje, mbali na jiko, kwa kuwa mvuke wake unawaka na unalevya. Anzia katikati ya kifuniko ukizungusha kwenda nje. Pale kamba inapogeuka kutoka juu kwenda ubavuni ndipo panapoachia mara nyingi. Pafunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka asubuhi. Mwisho wa kamba ukatwe mshazari na kusukumwa chini ya mzunguko uliotangulia. Paka vanishi mara mbili, kwani katani hunywa unyevu wa bahari, na isipopakwa inaota ukungu mweusi. Hata iliyopakwa isiachwe kwenye baraza inayopigwa na mvua.

Mheshimiwa, kazi inayotupendeza zaidi ni mkeka wa khanga. Aliyekwisha kujua kusuka ukili wa miyaa, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, ana nusu ya ufundi huu mkononi. Kwanza nguo ipimwe kwa kuchoma uzi mmoja: pamba inaacha jivu jepesi lenye harufu ya karatasi iliyoungua, nailoni na jamaa zake zinayeyuka na kuacha shanga ngumu. Msichanganye. Pamba ikifuliwa hurudi kidogo, ile nyingine hairudi, na mkeka unajikunja siku ya kwanza ya kuanikwa.

Khanga moja, yaani nusu ya doti, ina kama sentimita 150 kwa 110. Chana vipande vya sentimita 5 kwa urefu, utapata 22, sawa na mita 33. Ukisuka kwa njia tatu unabaki na mita 11, na msuko wenyewe unakula theluthi hivi, kwa hiyo mkononi una ukili wa mita 7 na nusu wenye upana wa sentimita 2. Huo unatoa mkeka wa duara wenye kipenyo cha sentimita 43. Wateja hudhani kwamba mkeka wa upana maradufu unataka khanga mbili. Unataka nne. Doti mbili zinafikisha sentimita 85, na bei ipangwe kwa hesabu hiyo.

Vipande visiungwe kwa fundo. Toboa kitundu sentimita moja kutoka ncha ya kila kipande, pitisha kimoja ndani ya kingine, vuta taratibu. Viungo vya njia tatu visikutane mahali pamoja, pakikutana panafanya nundu inayochakaa kabla ya pengine. Kushona ni kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, na uzi wa nailoni, kwani uzi wa pamba huoza kwa kufuliwa na kukanyagwa na miguu yenye maji.

Kosa kubwa liko kwenye kuzungusha. Kila mzunguko lazima uzidi uliotangulia kwa takriban mara sita ya upana wa ukili. Kwa ukili wa sentimita 2 ni sentimita 12 na nusu. Anayevuta sana anaunyima mzunguko wa nje urefu wake, kingo zikainuka. Anayelegeza mno anapata mawimbi. Pasi haiponyi hata kimoja. Dawa ni kufumua mpaka mzunguko ulipoanza kuharibika, na kushonea juu ya meza. Mkeka unaoshonewa mapajani huchukua umbo la mapaja.

Mifuko ya sokoni tunaishona kwa magunia ya sandarusi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wateja hawajakosekana. Gunia lililokaa juani halifai: lisugue kwa vidole, likitoa unga liache, maana jua limeshakata nyuzi zake. Lililobeba mbolea au dawa ya mimea lisiguse chakula kabisa, hata lioshwe vipi. Kingo zipitishwe haraka karibu na moto wa mshumaa ili zisifumuke, zikunjwe mara mbili, na zishonwe kwa sindano namba 16. Mkono wa mfuko ushuke sentimita 8 ndani ya mwili wake na ushonwe kwa mraba wenye msalaba katikati. Ukishonwa kwa mstari mmoja, kilo tano za unga zitaung'oa.

Makopo ya maziwa ya unga hutobolewa yakiwa yameshindiliwa mchanga mbichi, la sivyo msumari unayabonyeza. Mdomo upigwe msasa, na rangi ya mafuta iingie hadi ndani ya matundu, kwani chumvi ya hewa yetu huanzia hapo kutia kutu. Kifuu cha nazi kinachofanywa upawa kisipakwe vanishi. Mafuta ya nazi yanatosha.

Chupa za maji hamtaziona mezani. Vyombo vya maua vya chupa zilizokatwa ni rahisi kufundisha na vinapendwa kwenye maonesho, lakini jua huvipausha na kuvipasua, na vikishapakwa rangi hata mnunuzi wa chakavu havitaki. Kwa maoni yetu, chupa iende kwa wanaonunua plastiki ikiwa safi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi. Tunaomba sehemu yenye paa karibu na Soko la Mgandini, ambapo wafanyabiashara wataacha magunia yao kabla jua halijayaharibu. Tunaomba cherehani moja ya kushonea vitu vizito, kwani za nyumbani zinaruka mishono kwenye sandarusi ya mikunjo minne, pamoja na drili ya umeme. Tunaomba pia gereji zielekezwe kutuwekea matairi ya rimu 13 na 14 badala ya kuyachoma. Na shule zikiridhia, tuko tayari kufundisha msuko wa khanga katika vipindi vya stadi za kazi. Mwanafunzi aje na mkasi, shazia na khanga moja kuukuu ya nyumbani, kwa ruhusa ya mama.

Tunaomba kuwasilisha.