Anayekula samaki aseme anakula samaki

Mheshimiwa Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie ubishi unaozuka kila msimu wa harusi na mahafali: ni nani hasa wa kuitwa asiyekula nyama, na kipi kiruhusiwe kwenye sahani yake. Sisi ni wapishi wa shughuli. Ubishi huu hutufikia jikoni ukiwa umeshapamba moto, wageni wakikaribia kukaa, na kwa maoni yetu sehemu kubwa yake inatokana na maneno mawili ya Kiswahili, nyama na mboga.

Kwa wengi wetu, hasa bara, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali. Mtu anauliza, "Leo mboga gani?" Anajibiwa, "Dagaa." Hakuna aliyekosea hapo. Sasa mgeni anapojitambulisha kuwa yeye ni "mla mboga", mpishi ambaye hajazoea anashangaa, maana nani asiyekula mboga? Neno nyama nalo, likitajwa peke yake, wengi husikia ng'ombe au mbuzi. Kuku ni kuku, samaki ni samaki. Ndiyo maana mtu akisema "mimi sili nyama", anajibiwa kwa moyo mweupe kabisa, "Basi nikuwekee kuku."

Dini na hospitali zimeongeza tafsiri zake. Mkatoliki, kuanzia umri wa miaka 14, huacha nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima, lakini samaki anaruhusiwa. Mayai na maziwa pia. Msabato anaweza kuacha nyama zote akabaki na mayai na maziwa, au akala samaki mwenye mapezi na magamba kwa kufuata Walawi sura ya 11. Huyo wa pili sato atamla, kambale hatamgusa. Mgonjwa wa gauti, ugonjwa wa maumivu ya viungo, aliyekatazwa nyama nyekundu naye husema "siku hizi sili nyama", na mhudumu mwema humwekea dagaa au maini. Hapo amemwongezea maumivu, kwa kuwa dagaa na maini ni katika vyakula vinavyopandisha sana asidi ya yuriki, ambayo ndiyo inayoleta maumivu hayo. Wote hawa wametumia sentensi moja, na kila mmoja ana haki ya mpaka wake.

Msimamo wetu ni huu: anayekula samaki aseme anakula samaki. Nyumbani kwake mtu ajiite apendavyo, lakini jikoni jina ni agizo. Mgeni wa Jumamosi hii akisema "sili nyama" kisha akachota sangara wa kukaanga, vijana wanaogawa chakula wanajifunza kwa macho. Jumamosi ijayo anakuja mama wa Kigujarati na maneno yale yale, anawekewa sangara. Mama huyo ataisukuma sahani yote. Hata wali ulio pembeni hataula, kwa sababu umeshagusana na samaki. Gharama ya ulegevu wa mmoja anailipa mwingine kwa njaa.

Huko Uingereza, ambako chama cha wasiokula nyama kiliundwa mwaka 1847 mjini Ramsgate, samaki hahesabiki kuwa chakula cha kundi hilo. Mayai na maziwa yaliachwa kwa hiari ya mtu, na hilo likazaa ugomvi wake: mwaka 1944 Donald Watson na wenzake walijitenga kwa kuwa hawakutaka hata maziwa, wakatunga neno "vegan". India mpaka ni mwingine. Tangu mwaka 2001 vyakula vya pakiti huko huwekwa alama, duara la kijani ndani ya mraba likiwa la chakula kisicho na nyama. Kwa sheria hiyo yai liko upande wa nyama, maziwa na asali viko upande wa kijani. Basi keki ya mayai ambayo Mwingereza asiyekula nyama anaila bila wasiwasi, Wahindu wengi wa aina yake hawaiiti chakula chao. Pakiti zenye alama hiyo zimejaa kwenye maduka ya Kisutu, Dar es Salaam. Anayezinunua ajue kwamba kijani hakimwambii kama kuna maziwa, wala kama kuna kitunguu.

Tuje kwenye sufuria, maana huko ndiko makosa yanakotokea. Kosa la kwanza ni la mchuzi. Mtu anapika pilau kwa supu ya ng'ombe, anachambua vipande vya nyama, anatangaza kuwa sahani hii ni ya wasiokula nyama. Au maharage yamechemshwa na mfupa "kwa ajili ya ladha", mfupa ukatolewa. Atakayeuliza kilichobaki ni nini, achukue bakuli la supu ya makongoro aliache lipoe usiku kucha kwenye friji. Asubuhi supu imeganda, ukiligeuza bakuli haimwagiki. Kilichoigandisha ni jelatini, iliyotoka kwenye ngozi, mifupa na kano za mnyama. Ng'ombe yumo ndani ya supu hata kama hakuna kipande kinachoonekana. Kwa aliyekatazwa nyama kwa sababu ya afya tu, kiasi kinaweza kujadiliwa. Kwa anayeacha nyama kwa imani, hakuna kidogo wala kingi.

Jelatini hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye pipi laini za kutafuna, kwenye baadhi ya mtindi wa dukani na kwenye maganda ya kapsuli nyingi za dawa. Hapa kuna jambo linalochanganya sana watu wa pwani: lebo ya halali haimaanishi hakuna mnyama. Jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kwa sharia ni halali kwa Mwislamu, lakini bado ni ng'ombe. Na kinyume chake, chakula cha mimea mitupu kilichotiwa mvinyo si halali. Lebo mbili, maswali mawili tofauti. Wanaotaka kitu cha kugandisha bila mnyama wanacho karibu: karajinani, inayotokana na mwani kama ule unaolimwa na akina mama wa Unguja na Pemba. Aina ya mwani iitwayo kotoni hutoa mgando mgumu, spinosamu hutoa mgando laini.

Jibini ni mtego mwingine, na wenye migahawa ya piza wengi hawaujui. Maziwa hugandishwa kwa kimeng'enya kiitwacho reneti, ambacho kwa asili hutolewa kwenye tumbo la nne la ndama aliyechinjwa. Siku hizi reneti nyingi hutengenezwa kwa kuvu au bakteria, lakini Parmigiano Reggiano, jibini ngumu ya Kiitaliano, kwa kanuni zake lazima itumie ya ndama. Mpishi asiye na uhakika atengeneze mwenyewe paniri, jibini ya Kihindi isiyohitaji reneti: lita 1 ya maziwa yenye mafuta yake yote, ichemke, itolewe motoni, itiwe vijiko 2 vya chakula vya maji ya limau huku ikikorogwa polepole. Yakikatika, chuja kwa kitambaa safi, gandamiza kwa kitu kizito nusu saa. Ukipata maziwa meupe yasiyojitenga na maji yake, limau halikutosha. Ongeza kijiko kimoja. Ukikoroga kwa nguvu, unapata chembechembe zisizoshikana.

Halafu dagaa. Mchicha, kisamvu na matembele kwa wengi ni mboga za majani bila mjadala, lakini katika nyumba nyingi hutiwa dagaa au kamba wakavu. Dagaa mzima ni rahisi kumwona: tandaza kijiko kimoja cha mchicha kwenye sahani nyeupe, utaona vijicho vyeusi vidogo kama ncha ya kalamu. Akishasagwa, macho hayo hayapo na harufu imefunikwa na karanga. Unga wa lishe wa uji wa watoto nao mara nyingine huchanganywa na dagaa waliosagwa. Ni lishe nzuri, hatuupingi, ila mzazi asiyelisha mtoto samaki ana haki ya kuambiwa kabla hajaununua.

Viungo vya mchuzi vya pakiti visihukumiwe kwa picha ya juu. Maneno "ladha ya nyama" wakati mwingine ni chachu na chumvi tu, wakati mwingine kuna mafuta ya ng'ombe ndani. Soma orodha iliyo nyuma. Mwaka 2002 huko Marekani, McDonald's ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza kesi za Wahindu na wengine wasiokula nyama, baada ya kujulikana kuwa chipsi zilizosemwa zinakaangwa kwa mafuta ya mimea zilikuwa na ladha iliyotokana na ng'ombe. Yaliyomo hayakuwa yameelezwa wazi, na wateja walikuwa wamekula kwa miaka.

Karai moja la mafuta likikaanga samaki, kuku na bhajia, bhajia hizo si za mama yule wa Kigujarati tena. Dawa yake haina gharama: anza na mafuta mapya, kaanga vya mimea kwanza, kisha vyenye mayai, kisha samaki, mwisho kuku na nyama. Kila sufuria iwe na upawa wake, na upawa wa sufuria ya mimea ufungwe utepe wa kijani kwenye mpini, kwa maana saa ya msongamano ndipo upawa unapohama. Katlesi za viazi nazo huchovywa kwenye yai. Badala yake tumia kikombe 1 cha unga wa dengu kwa robo tatu ya kikombe cha maji na chumvi kidogo. Uji ukiwa mwepesi kuliko hapo, ganda linabanduka kwenye mafuta.

Tuliowaacha mwisho ndio wanaohitaji umakini zaidi, Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini iliyotoka India, ambao wako Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam kwa vizazi vingi. Wao hawali nyama, samaki, mayai wala asali, na wanaoshika sana hawali kitu kinachong'olewa na mzizi wake: viazi, vitunguu, vitunguu saumu, karoti, tangawizi mbichi. Kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na viumbe vidogo vilivyo udongoni. Manjano makavu na tangawizi kavu vinakubalika. Wengine hawali baada ya jua kuzama, na kwetu jua huzama kabla ya saa 1 usiku. Chakula cha harusi kinachotolewa saa 3 usiku hakiwafai hata kikiwa kimepikwa kwa usahihi wote. Wafungashieni mapema.

Chakula chao kinawezekana vizuri tu. Kilo 1 ya choroko zilizokobolewa inalisha watu 12 hadi 15. Chemsha kwa lita 4 za maji na kijiko 1 cha chai cha manjano hadi zipondeke. Pembeni pasha vijiko 6 vya chakula vya mafuta, tia vijiko 2 vya chai vya bizari nyembamba. Zikianza kupasuka, tia nusu kijiko cha chai cha mvuje (hing), kiungo chenye harufu kali, hesabu hadi tano, kisha mimina kilo 1 ya nyanya zilizokatwa. Mvuje ukiungua unakuwa mchungu, usipoiva unanuka. Nyanya zikikauka, changanya na choroko, malizia kwa ndimu na majani ya kotmiri. Mahali pa viazi weka ndizi mbichi, zilowekwe kwenye maji ya ndimu mara zinapomenywa zisigeuke nyeusi. Usitumie masala ya pakiti bila kusoma. Mengi yana unga wa kitunguu saumu. Na mvuje wa unga wa dukani kwa kawaida umechanganywa na unga wa ngano, jambo la kumwambia asiyetumia ngano.

Hapo hapo kuna tofauti ambayo imewaaibisha wapishi hodari: wafuasi wa Swaminarayan, moja ya madhehebu ya Kihindu, huacha vitunguu na saumu kama Wajaini, lakini viazi wanakula, na mvuje hawatumii. Ukiweka mvuje kwa nia njema ya kuziba pengo la kitunguu, umewakosesha chakula. Kwao acha mvuje, ongeza bizari nyembamba na pilipili mbichi.

Wanaotoka Ethiopia ambao ni Waorthodoksi wamelitatua jambo hili kwa njia tunayoiheshimu. Jumatano, Ijumaa na siku 55 za mfungo wa kabla ya Pasaka hawatumii nyama, maziwa, siagi wala mayai, na migahawa yao ina sahani maalumu ya mfungo. Mteja anasema neno moja na jikoni linaeleweka. Hata hivyo kuhusu samaki wao pia wanatofautiana, kwa hiyo kila mmoja anapaswa kuulizwa.

Kamati za harusi hutuletea idadi ya sahani, aina ya vinywaji na rangi ya vitambaa. Tunaomba ziongeze safu moja kwenye karatasi hiyo, na mbele ya jina la kila mgeni asiyekula nyama waandike majibu ya maswali haya: anakula samaki, mayai, maziwa, vitunguu, vitu vya mizizi? Anakubali chakula kilichopikwa kwa supu ya nyama? Anakula hadi saa ngapi? Karatasi ifike siku 3 kabla. Choroko tunaweza kuzinunua asubuhi ya siku yenyewe, lakini karai la pembeni, sufuria yake na mtu wa kuisimamia asiyegusa jiko lingine ni vya kupangwa mapema.

Wapishi wa shughuli,
Dar es Salaam