Barua kwa mwanangu aliyechoka na wodi

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo, bibi yako magoti yamempa nafuu kidogo. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema mwaka huu ukiisha unaacha uuguzi, bora ukauze dagaa sokoni Kirumba. Na umeniandikia kuhusu ile zamu ya usiku, mko wawili kwa wodi nzima, mgonjwa wa kitanda cha mwisho akakata roho wewe unabadilisha dripu ya mwingine. Pole sana, mama. Sitakwambia uzoee. Lile si jambo la kuzoea.

Ila kuchoka na wodi si kuchoka na uuguzi. Mimi mwenyewe wodini nilikaa miaka sita tu.

Nilipohamia zahanati kulikuwa na daftari la MTUHA, lile la taarifa za huduma za afya, la chanjo, lililoninyima usingizi. Watoto wa kambi za dagaa walikuja vizuri wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mama zao wakiwa bado wanalelewa uzazi kwao. Wakisharudi kambini, chanjo ya surua ya miezi 9 hatuwaoni. Wenzangu wakasema wale akina mama ni wazembe. Nikachukua kalenda, nikaangalia tarehe zetu za huduma ya mkoba, yaani kuwapelekea chanjo hukohuko kambini, na mwezi ulivyokuwa angani. Kumbe kila safari tulifika wakati wa giza! Wewe ni mtoto wa ziwa, unajua: giza ndiyo siku za karabai, taa za kuvutia dagaa, mitumbwi inakesha, na asubuhi mama yuko mchangani anaanika. Akiwaacha dagaa, mvua ikashuka, hasara ni yake. Tukahamishia siku zetu kwenye mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika. Safari ya kwanza tu kibebeo cha chanjo kilirudi hakina kitu, na wengine tukawaahidi kurudi kesho yake.

Siku zile za kupanga tarehe sikushika mgonjwa. Nilishika kalamu. Lakini nilijua nafanya nini kwa sababu nilishawahi kumpakata mtoto wa surua anayeshindwa kupumua. Hilo wodi ndiyo ilinifundisha.

Mwanza hapo ulipo pana historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watumishi wa vituo vya afya na zahanati za vijijini mkoani humu walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa. Jamii 12 zilifuatiliwa, 6 zilipata huduma hiyo na 6 zikasubiri. Matokeo yakatoka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kule kulikoboreshwa. Dunia nzima ilisoma habari hiyo, na kazi ilifanyikia kwenye zahanati kama yangu. Mpaka leo utafiti unahitaji wauguzi: wa kumweleza mtu kwa lugha yake anaombwa nini kabla hajatia sahihi, wa kuchukua sampuli, wa kugundua kwamba huyu mama amekubali kwa woga. Wewe una sikio hilo. Kama kuna mlango mmoja ningependa ubishe, ni huo.

Kuna kufundisha vyuoni pia. Kuna afya ya wafanyakazi kwenye migodi ya Geita, na tiba shufaa, yaani kupunguza maumivu, kuwafuata majumbani wagonjwa wa saratani. Uongozi wa wauguzi wilayani sikushauri kwa sasa, ungali mdogo na vikao vitakukausha.

Stashahada yako inakufungulia shahada, nenda ukaulizie chuoni pale Bugando. Ada tutaijadili na baba yako, ng'ombe wawili wapo. Leseni yako ya Baraza la Wauguzi na Wakunga usiiache ikafa hata ukikasirika namna gani. Na huu mwaka umalize, tafadhali. Zamu ikikulemea, mwambie muuguzi mfawidhi wako kwa maandishi, ubaki na nakala.

Wiki ijayo mwezi unajaa, tunakwenda kambini. Omba siku zako mbili upande meli. Nafasi kwenye mtumbwi nimekuwekea, na daftari nitakuachia wewe uandike. Njoo na sweta, alfajiri ziwani kuna upepo.

Mimi mama yako