Barua kwa Binti Yangu Anayetaka Kuwa Mhandisi wa Ndege za Kijeshi

Nakuru

Binti yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima huko chuoni Kakamega. Sisi hapa nyumbani hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama kazi niliyoifanya hadi nikastaafu, yaani kuchunguza utegemekaji wa ndege za kijeshi na urahisi wa kuzitengeneza, ni kazi ya hesabu au ya spana. Nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa kuwa unakaribia kuamua utaomba nafasi wapi. Ni kazi ya hesabu, lakini hesabu yake huanzia kwenye kalamu ya fundi, nami ningependa ulielewe jambo hilo kabla hujavutiwa na fomula.

Fomula zenyewe si ngumu. Chukulia mtambo ambao kwa wastani hufanya kazi saa 90 kabla ya kupata hitilafu, nayo hitilafu hiyo ikatengenezwa kwa saa 10. Mtambo huo utakuwa tayari kwa asilimia 90 ya wakati wake. Sasa ongeza saa 80 za kungojea kipuri kutoka ng'ambo, na utayari utashuka hadi asilimia 50, ingawa mtambo hauharibiki mara nyingi kuliko awali wala fundi hajapunguza bidii. Kwa hiyo kamanda akikuuliza kwa nini nusu ya ndege zake zimelala hangarini, usikimbilie kuilaumu injini. Kwanza nenda kwa mtunza ghala. Hesabu hiyo utaimaliza kwa dakika moja, ila kupata 90, 10 na 80 zilizo za kweli kunaweza kukuchukua mwaka mzima.

Namba hizo hutoka kwenye kumbukumbu za ndege, na fundi anayeandika tu kwamba kifaa kimebadilishwa na ndege iko sawa hajakupa kitu cha kuhesabu. Unahitaji kujua rubani alilalamikia nini na wakati gani wa safari, kifaa kilichotolewa kilikuwa na namba gani na kimeruka saa ngapi, na karakana ilikuta nini ilipokifungua. Mara nyingi karakana haikuti kitu, kwa sababu kilicholegea kilikuwa waya nyuma ya kifaa hicho. Ukilihesabu tukio kama hilo kuwa hitilafu ya kifaa, utanunua vipuri visivyohitajika na waya utabaki umelegea, na mtu ataruka nao.

Hata kumbukumbu zilizoandikwa vizuri zina pengo lake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanahisabati Abraham Wald, aliyekuwa katika kundi la watakwimu kwenye Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, alitafuta njia ya kukadiria udhaifu wa ndege za kivita kwa kutumia matundu ya risasi kwenye zile zilizorejea. Alizingatia kwamba ndege zilizopigwa mahali pabaya kabisa hazikurejea ili zihesabiwe. Kila ukipokea jedwali la hitilafu, uliza ni ndege zipi hazimo.

Jambo la pili liliwashangaza wengi wa rika langu, maana tulifundishwa kwamba kila kipuri kina umri wake na kikiufikisha kitolewe. Mwaka 1978, Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United waliiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti iliyoonyesha kwamba, kati ya vifaa walivyovichunguza, ni takriban asilimia 11 tu vilivyokuwa na dalili za kuchakaa kwa umri, huku asilimia 68 vikiharibika zaidi vikiwa vipya au vikiwa vimetoka tu kutengenezwa, kisha vikatulia. Maana yake ni kwamba kukifungua kifaa kizima kwa sababu tu kalenda imesema hivyo kunaweza kukirudisha kwenye kipindi chake cha hatari. Wako wanaoamini hadi leo kwamba kufungua zaidi ni usalama zaidi. Mimi siamini.

Lakini usichukue ripoti hiyo kuwa ruhusa ya kutokagua. Mnamo tarehe 22 Desemba 1969, ndege ya kivita aina ya F-111 ilikatika bawa la kushoto ikiwa angani katika jimbo la Nevada, na marubani wote wawili wakafa. Ndege hiyo ilikuwa imeruka saa zipatazo 100 tu. Chanzo kilikuwa dosari iliyobaki ndani ya chuma cha kiungo cha bawa tangu kiwandani. Baada ya hapo Jeshi la Anga la Marekani lilibadili namna yake ya kufikiri: lilianza kuchukulia kwamba ufa upo tangu siku ya kwanza, likapiga hesabu utakua kwa kasi gani, na kupanga ukaguzi ili kuwe na nafasi zaidi ya moja ya kuuona kabla haujafika ukubwa wa kuvunja bawa. Nasema wazi kwamba sijui wazo jingine katika fani hii lenye unyenyekevu na manufaa kama hilo.

Kuhusu urahisi wa matengenezo, mkumbuke fundi anayefanya kazi usiku akiwa na tochi mdomoni. Kama kifaa kinachoharibika mara kwa mara kimefichwa nyuma ya vingine vitatu, atavigusa vyote vitatu, na kila anachokigusa anaweza kukiacha na kosa. Viunganishi viwili vya umeme vilivyo karibu visiwe vya ukubwa mmoja, ili kisichofaa kikatae kuingia.

Tena usizibebe namba za mtengenezaji ukazileta hapa kama zilivyo. Ndege inayotua kwenye viwanja vya murram huko kaskazini humeza vumbi linalokwangua mapanga ya kompresa, yaani sehemu ya injini inayoshindilia hewa. Joto la Kisumu huipunguzia hewa uzito, nao ndege wa ziwani wamejaa kandokando ya uwanja. Kusanya kumbukumbu zako mwenyewe.

Ukienda mafunzo ya nyanjani, omba upelekwe hangarini wala si ofisini, na uwasihi mafundi wakuruhusu kujaza kadi za hitilafu wakikusimamia. Waite kwa heshima, hata walio na vyeti vichache kuliko vyako. Kisha niandikie umeona nini. Na ukikwama kwenye hesabu za nyufa, njoo nazo likizo ya Agosti tuzifanye pamoja.

Nakupenda sana.

Baba yako