Kitabu cha mwezi huu: Eve Dallas

Habari za jioni wapenzi wasomaji,

Tumekubaliana kuanza mfululizo wa "In Death" wa J.D. Robb, jina la kalamu la Nora Roberts. Tunaanza na kitabu cha kwanza, "Naked in Death", kilichotoka 1995. Hadithi iko New York, mwaka 2058. Eve ni luteni wa polisi anayepeleleza mauaji, na mshukiwa mmojawapo ni tajiri Roarke, ambaye moyo wa Eve unamwelekea.

Naomba mkitazame kile kifungo cha koti. Kinamdondoka Eve, Roarke anakiokota na kukiweka mfukoni. Na ile kahawa halisi, adimu mno zama hizo, anayompelekea! Kwangu mapenzi yao yako hapo.

Tahadhari, na naisema kwa uzito: Eve aliokotwa Dallas akiwa na miaka minane, ameumizwa vibaya, na jina la ukoo alipewa la mji huo. Kumbukumbu za kudhulumiwa na baba yake zinamrudia ndotoni. Anayeona ni nzito kwake aniandikie faragha, tutampangia kitabu kingine.

Tukutane Jumamosi saa kumi alasiri, mkiwa mmefika nusu.