Malalamiko kuhusu Landrova mliyoiwasha kabla ya wakati wake

Kwa Meneja wa Gereji,
Tanga.

YAH: KUHARIBIWA KWA INJINI YA LANDROVA 109 SERIES III

Ndugu Meneja,

Nilileta kwenu gari la marehemu baba, Landrova 109 ya petroli, ambalo lilikuwa halijawashwa tangu 2011. Miaka yote hiyo lilikaa chini ya mwembe. Bodi yake ni ya alumini, haishiki kutu, hivyo kwa macho lilionekana zima. Nadhani hicho ndicho kilichowaponza vijana wenu.

Siku ya kulikabidhi nilimweleza msimamizi wenu naye akaandika kwenye kadi ya kazi, nakala ninayo: tangi lishushwe lioshwe, petroli ya zamani imwagwe, plagi zitolewe na kila silinda imiminiwe oili kidogo ilale siku mbili, kisha injini izungushwe kwa hendeli ya mkono. Ikizunguka bila kukwama, ndipo starta, mota ya kuwashia, iguswe. Hendeli niliiacha nyuma ya kiti. Nimeikuta palepale, bado imefungwa kwa kamba yangu.

Kesho yake saa nne asubuhi mkanitumia video kwa WhatsApp. Injini inanguruma, vijana wanashangilia, mmoja anasema, "Mzee, chuma kimeamka!" Mimi nilishika kichwa. Itazameni tena video hiyo, mtaona kile kikombe cha kioo cha pampu ya petroli: kilichomo kina rangi ya chai ya rangi. Ni petroli ya 2011 pamoja na kutu ya tangi, vinavutwa kwenda kwenye karbureta.

Wiki ya pili gari likaanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili. Fundi mwingine, mzee aliyezeeka na Landrova za mashamba ya mkonge, alifungua hedi na kuchomoa pistoni mbele yangu. Ringi za pistoni ya tatu, vile vyuma vya duara vinavyoizunguka pistoni, zilikuwa zimegandia, moja imekatika na kukwangua ukuta wa silinda. Sasa bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, lazima ikachongwe, ifungwe pistoni za saizi kubwa zaidi. Yote haya kwa sababu ya kukosa subira ya siku mbili!

Kuna na breki. Ankara yenu inasema zimefanyiwa sevisi, shilingi 180,000. Kwenye mteremko wa kwanza pedeli ilizama hadi sakafuni. Kilichoniokoa ni hendibreki, maana ya Landrova hii hushika kwenye propela shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, wala haitegemei breki za magurudumu. Tulipovua ngoma tulikuta raba zilezile za zamani za kuzuia oili ya breki isivuje, zimekakamaa na kupasuka, zimeogeshwa oili mpya ya breki. Hili la breki linaniudhi kuliko injini, kwa kuwa nilikuwa na wajukuu wawili nyuma.

Naomba mambo haya ndani ya siku 14: mnirudishie shilingi 620,000 nilizowalipa, gharama ya kuchonga bloku pamoja na pistoni na ringi iwe juu yenu, na mnieleze kwa maandishi nani aliamua kuipuuza kadi ya kazi. Msipojibu, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, pamoja na kadi, ankara na video yenu wenyewe.

Kazi ya kulitengeneza gari anaifanya yule mzee, nyumbani kwangu. Msimtume mtu kuja kulivuta.

Mteja wenu,
mwenye Landrova ya kijani